Nani Anasema Ndani ya Filamu? Ziwa Tanganyika katika Macho ya Hollywood

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika filamu mbili za Hollywood zilizohusu Ziwa Tanganyika wageni wamekuja, lakini mwenyeji hajapona. Hata kusema hajapewa nafasi. Makala haya yanazihakiki filamu hizo, yaani The African Queen ya mwaka 1951 na Primeval ya mwaka 2007, kwa jicho la mtazamaji wa Rumonge na mwambao wa Burundi kwa jumla. Baadaye tutazilinganisha na filamu fupi iitwayo Na Wewe, ya mwaka 2010. Hoja yetu ni moja: filamu inayohusu mahali fulani ipimwe kwanza kwa kuuliza ni nani anayesema ndani yake, na maneno yake yana uzito gani.

Tuanze na Primeval, kwa kuwa ndiyo inayowagusa zaidi watu wa mwambao huu. Filamu hii ya kusisimua iliongozwa na Michael Katleman. Waandishi wa habari wa televisheni wanatoka Marekani kwenda Burundi kumsaka mamba mkubwa aitwaye Gustave. Miongoni mwa waigizaji yumo Dominic Purcell, ambaye wapenzi wengi wa filamu wanamfahamu kutokana na tamthilia ya Prison Break, pamoja na Orlando Jones, Brooke Langton na Jürgen Prochnow.

Mamba mwenyewe si wa kubuni. Jina la Gustave alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akichunguza wanyama. Mamba huyo alijulikana katika Mto Ruzizi na kwenye kingo za kaskazini za ziwa. Urefu wake ulikadiriwa kuwa mita 6 au zaidi, na masimulizi yalimhesabia vifo hadi 300, idadi ambayo haijathibitishwa. Faye na wenzake walimtegea tundu kubwa la chuma lakini hakunaswa, na jaribio hilo likaoneshwa katika filamu ya hali halisi mwaka 2004.

Kwa upande wa fani, Primeval ipewe haki yake. Matukio yanakwenda mbio, na maji yaliyotulia yanatiwa hofu kabla mamba hajaonekana. Aidha, imebeba wazo zito: kuna muuaji wa majini na kuna muuaji wa nchi kavu, mbabe wa vita anayeitwa Gustave Mdogo. Filamu inadokeza kwamba maiti za vita vilivyoanza mwaka 1993, zilizotupwa mtoni, ndizo zilizomzoeza mamba nyama ya binadamu. Wazo hili lingetosha kubeba tamthilia kubwa.

Hata hivyo, wazo hilo halikupewa watu wa kulibeba. Kinachowaleta waandishi wa habari ni kifo cha mwanamke wa Kizungu aliyekuwa akichunguza kaburi la halaiki. Vifo vya wenyeji, vilivyotangulia kwa miaka, havikuwa habari. Mhusika wa Orlando Jones, Mmarekani mweusi, anafanya mzaha kwamba utumwa ulikuwa jambo jema kwa kuwa uliwatoa watu Afrika. Mzaha huu unapita, na hakuna Mrundi anayepewa nafasi ya kuujibu. Matangazo ya filamu nayo yalimnadi Gustave kama muuaji wa kutisha huku yakificha kuwa ni mamba. Kwa namna hii, msiba wa watu uligeuzwa kitendawili cha kuuzia tiketi.

Kasoro ya mandhari inafuata mkondo huohuo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Hilo peke yake si kosa, maana filamu nyingi hupigwa mbali na mahali zinapopasimulia. Kosa ni kwamba mahali penyewe hapakuulizwa. Mtazamaji wa Rumonge haoni mitumbwi inayotoka usiku na taa kuvua ndagala. Haoni mukeke sokoni, yule samaki ambaye ng'ambo ya mpaka, Kigoma, huitwa mgebuka. Haoni mawese wala michikichi. Hizi si pambo tu. Mtu wa mwambao huingia majini kwa sababu ndimo mlimo na riziki yake: huvua, hufua, huoga, huteka maji. Anajua hatari iliyomo, na kesho atarudi kwa kuwa watoto watataka kula. Hofu ya kweli ya mwambao ni hiyo ya kulazimika kurudi penye hatari. Primeval inatuonesha hofu ya mgeni, ambaye akinusurika atapanda ndege aende zake.

The African Queen ni filamu bora zaidi kwa ufundi. Iliongozwa na John Huston kutokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa uigizaji wake. Mazungumzo kati yake na Katharine Hepburn yana ucheshi na utu. Lakini Waafrika wanaonekana mwanzoni, wakiimba kanisani kwa sauti zilizovurugika ili mtazamaji acheke. Kisha kijiji kinachomwa, watu wanaswagwa, na baada ya hapo hadithi ni ya watu wawili wa Kizungu na boti yao. Filamu ilipigwa Uganda na Kongo, na ziwa linakuwa uwanja wa kuzamishia meli ya Wajerumani.

Meli iliyochochea kisa hicho ilikuwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwezi Mei 2015, Liemba ilisafirisha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga hadi Kigoma. Meli ambayo Hollywood iliizamisha kwa shangwe ndiyo iliyokuja kuwaokoa watu wa mwambao huu. Tamthilia hiyo bado inasubiri mwongozaji.

Sasa tuitazame Na Wewe, iliyoongozwa na Mbelgiji Ivan Goldschmidt na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2011 katika kundi la filamu fupi. Inachukua dakika zipatazo 19 tu. Mwaka 1994, nchini Burundi, waasi wanasimamisha basi dogo na kuwaamuru abiria wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Kila abiria anapojieleza, mpaka kati ya makundi hayo unazidi kupotea. Jina la filamu ni la Kirundi, na msemaji wa Kiswahili analielewa bila kufasiriwa. Hapa pia mwongozaji ni mgeni, na yumo abiria wa Kizungu. Lakini uhai na kifo vinategemea maneno yanayotoka vinywani mwa abiria wote. Bunduki zimo, ila kinachomtetemesha mtazamaji ni swali na jibu lake. Kwa hiyo ugeni wa mwongozaji si kisingizio. Mgeni anaweza kusikiliza.

Jambo hili linatuhusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili kwa karibu. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki wamekuwapo wafasiri wanaoisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili inapoendelea. Nchini Tanzania aliyevuma sana ni Lufufu. Mtafiti Mjerumani Matthias Krings ameufananisha usanii huo na kuugeuza wali kuwa pilau, kwa viungo vinavyoongezwa. Wapo wanaoudharau usanii huu kwa kuwa haufuati maneno ya asili. Sisi tunaona kwamba mfasiri wa aina hii anaweza kumpa mwenyeji sauti aliyonyimwa na mwandishi wa filamu. Mzaha ule wa utumwa, ambao Hollywood iliuacha bila jibu, kibandani unaweza kujibiwa papo hapo.

Tunapendekeza basi kwamba wanafunzi wetu wasiishie kuhakiki riwaya na tamthilia za vitabuni. Wapewe filamu hizi tatu pamoja na maswali matatu: Nani ana jina? Nani anasema? Nani anajibiwa? Kisha wapewe dakika tano za Primeval zilizozimwa sauti, waziandikie maneno ya wavuvi kwa Kiswahili cha mwambao, chenye ndagala na mukeke wake. Zoezi hilo litawafunza tafsiri, lahaja na uhakiki kwa pamoja, na wavuvi wa Rumonge watapata walau mstari mmoja wa kusema.