Kinga Isiyorudi

Mtu wa pwani akitusikia sisi wa Lubumbashi tukisema "kinga" hudhani tunazungumzia chanjo. Madereva wa malori wanaotoka Dar es Salaam, wakishapita Tunduma, Kapiri Mposhi na foleni ya Kasumbalesa, hufika Lubumbashi na vumbi la nchi tatu na kicheko kimoja: kumbe Wakongo baiskeli ndiyo wanayoiita kinga! Tuwaache wacheke. Aliyewahi kutoka porini kwa miguu na gunia la makala, yaani makaa ya kupikia, kichwani anajua baiskeli inamkinga mtu na nini.

Ninayetaka kumsifu hapa ni fundi wa kinga wa Naviundu. Jina lake sitalitaja, maana hakuniomba, na tena pale mtaani hakuna anayelitumia. Wote humwita papa fundi, hata wazee waliomzidi umri.

Naviundu ni jina la mto kabla ya kuwa jina la mtaa. Mtaa umo katika Komini Annexe, ile inayoizunguka Lubumbashi kama pindo la kitenge, na mto wenyewe mgeni anaweza kuuvuka bila kuuliza unaitwaje. Lakini ufuate. Maji ya Naviundu yanafika Kafubu, Kafubu unaingia Luapula, Luapula unapita Ziwa Mweru na kutoka kwa jina la Luvua, Luvua unaikuta Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo unaokwenda kumwagika Atlantiki. Siku hizi maji yake yanasafiri pamoja na uchafu wa viwanda vya shaba na kobalti, na watafiti wameyapima wakayakuta hivyo. Hata hivyo yanafika baharini. Mimi bado sijafika.

Nasema hivyo bila utani. Kazi yangu ni kujaza karatasi za forodha za mizigo ya watu wengine. Kila siku naandika Durban, Beira, Walvis Bay, Dar es Salaam, na siku hizi Lobito, kwa mkono usiowahi kugusa maji ya chumvi. Utotoni nilitaka kuwa rubani kwa sababu ndege za Luano zilipita juu yetu, kisha nikataka kuwa mashinisti wa treni, kisha nikaacha kutaka kwa sauti. Kilichobaki ni Jumapili. Jumapili napanda kinga yangu naenda Kipushi, kama kilomita thelathini, nanunua soda, narudi. Mara moja nilifika Likasi, kilomita mia na ishirini, nikalala kwa shangazi siku mbili kabla miguu haijakubali kurudi. Wenzangu kazini huuliza nilikwenda kufanya nini huko. Sina jibu linalowaridhisha. Nilikwenda.

Ilikuwa katika safari moja ya Kipushi nilipojifunza kumheshimu fundi. Gurudumu la nyuma nilikuwa nimelifungisha mjini, kwa fundi mwingine, kijana mwenye redio kubwa na maneno matamu. Nikiwa katikati ya njia spoku moja ikalia "tin!", kisha ya pili, kisha ringi ikaanza kuyumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake, ikagusa fremu na kukwama. Nikaibeba kinga begani hadi jua lilipochwa. Anayebeba chombo kilichopaswa kumbeba hupata nafasi nzuri ya kutafakari. Kesho yake jirani akaniambia: nenda Naviundu.

Duka la papa fundi ni mwavuli uliopauka wa kampuni ya simu, benchi moja, beseni la maji na kopo la gololi zilizolala ndani ya grisi. Alilishika gurudumu langu, akalizungusha mara moja, akauliza nani alilifunga. Nikamwambia. Hakusema neno baya. Alizikata spoku zote, nzima na zilizovunjika, akazitupa, na mimi nikahesabu kimoyomoyo bei ya kila moja iliyoanguka mchangani.

Baiskeli za mtindo wa zamani wa Kiingereza, ambao Wachina na Wahindi waliurithi na kuusambaza Afrika nzima, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Papa fundi alianza na kitovu cha gurudumu kikiwa mapajani mwake. Akazipitisha spoku moja moja kwenye matundu, hii inaelekea mbele, ile nyuma, zinapishana kama vidole vya mtu anayeomba. Ringi ikashikwa, lakini kwa kulegea, kitu kizima kinachezacheza kama kapu. Hapo ndipo nilipodhani kazi imekaribia kwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Aliigeuza kinga miguu juu, akaweka gurudumu mahali pake, akachukua kipande cha chaki na kukiegemeza kwenye fremu karibu kabisa na ringi. Akazungusha. Palipovimba palijiandika penyewe kwa chaki. Akalegeza spoku ya upande huo robo duara, akakaza ya upande wa pili robo duara. Akazungusha tena. Alama ikawa fupi zaidi, lakini nyingine ikatokea mbele yake. Robo hapa, robo kule, kwa muda wa saa nzima na zaidi, bila kusema, ila mara moja alipomfukuza mbuzi. Mwisho chaki haikugusa kitu chochote, na katikati ya ringi na chaki palikuwa na uwazi mwembamba wa mwanga usiotikisika.

Kisha akafanya jambo lililonishangaza. Akainamisha sikio akaanza kuzidonoa spoku kwa kidole, moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu likembe. Iliyotoa sauti nzito aliikaza, iliyolia kwa sauti nyembamba aliilegeza. Sikio la namna hiyo Katanga halikuanza leo. Mwenda Jean-Bosco, mwana wa Bunkeya, alikuwa kijana tu Hugh Tracey alipomkuta na gitaa lake Jadotville mwaka 1952, mji ambao sasa ni Likasi, na mpaka leo wapiga gitaa wa nchi za mbali wanavunjika vidole kumwiga. Nyuzi zikivutwa sawasawa zinabeba wimbo. Zikivutwa sawasawa kwenye ringi zinabeba magunia ya makala.

Maana mimi nilidhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba mzigo unakaa juu ya spoku za chini kama paa juu ya nguzo. Papa fundi alinipa spoku moja akaniambia niisimamishe chini na kuikandamiza. Ikapinda kama unyasi. Spoku haiwezi kusimama na mzigo. Gurudumu linabeba kwa sababu spoku zote zimevutwa tangu mwanzo, hata kinga ikiwa imelala bila mtu. Uzito ukija, zile za chini hupunguza kuvuta kidogo tu, na nyingine zinaendelea kushika. Ikiwapo moja iliyolegea, jirani zake wanabeba sehemu yake, wanachoka, wanakatika. Ndiyo maana alizitupa zote. Nilimlaumu bure kwa ile hesabu yangu.

Wateja wake halisi si watu kama mimi wa soda ya Jumapili. Ni wenye makala. Mji huu unaochimba shaba ya nyaya za umeme za dunia hupika bukari yake, yaani ugali, kwa makala, na sehemu kubwa ya makala hayo huingia mjini juu ya magurudumu mawili, mwenye kinga akisukuma kwa miguu pembeni pale mlima unapomshinda. Kwa watu hao papa fundi huunga nondo kwenye fremu, huongeza uma wa pili mbele, hutengeneza karia ya chuma pana kama kitanda cha mtoto. Ukiiona kinga iliyopita mikononi mwake unaitambua kwa mbali: mbaya wa sura, haina rangi, haina urembo, na inakwenda.

Niseme pia asivyo, nisije nikaonekana nimelipwa. Akisema "kesho" anamaanisha Alhamisi. Breki zake sizisifu. Yeye mwenyewe anaamini kwamba mtu mwenye akili anapunguza mwendo kabla ya kuhitaji breki. Na kuhusu viraka vya mpira wa ndani ananichosha, maana hachomi kiraka mpaka akuoneshe mapovu kwenye beseni, kana kwamba umemshuku.

Ukimuuliza kama ana kazi, atakujibu kwa Kiswahili cha kwetu: "Siko na kazi, niko najitafutia tu." Hapo mikono yake imejaa grisi mpaka viwikoni. Lubumbashi ndivyo neno hilo lilivyolelewa. Mji ulizaliwa mwaka 1910, reli ilipoingia kutoka kusini, na tangu hapo "kazi" maana yake ni karatasi yenye jina lako, mshahara mwisho wa mwezi, unga na nyumba ya kampuni. Kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama, watu walisema hivyo wakimaanisha. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines, kampuni yenyewe ya madini, waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, jina ambalo wengi hawakulielewa. Baba yake papa fundi alikuwa mmoja wao. Katika fedha alizopewa, nyingi zilikwenda kwenye madeni, na kilichobaki kilinunua sanduku la spana. Hilo sanduku lipo mpaka sasa chini ya benchi.

Na yeye alitaka nini? Nilimuuliza siku moja mvua ilipotufungia chini ya mwavuli. Alitaka kuwa mashinisti. Si rubani, rubani haoni kitu, alisema, anaona mawingu tu. Alitaka kuendesha treni kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo, njia iliyokamilika mwaka 1928, au kupita Dilolo mpaka Angola, ile iliyounganishwa mwaka 1931 na kunyamazishwa na vita kwa miaka mingi. Vituo alivitaja kwa mpangilio, Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, kama mtu anayehesabu watoto wake. Nikamwambia nami nilitaka hivyohivyo. Tukatazama mvua. Kuna mapenzi ya safari yanayokaa sehemu moja, na sidhani ni madogo kuliko ya mwenye tiketi.

Napenda kusoma habari za wasafiri, na hapo ndipo ninapokuwa na lawama kidogo. Kuna Mpolandi aitwaye Kazimierz Nowak ambaye kati ya mwaka 1931 na 1936 aliivuka Afrika toka kaskazini hadi kusini na kurudi, kama kilomita 40,000, kwa baiskeli, miguu, mtumbwi na wanyama, akapita na Kongo yetu ya enzi za Wabelgiji. Namvulia kofia. Lakini baiskeli haivuki bara bila mikono mingi njiani: mhunzi aliyenyoosha kitu, mtu aliyetoa kipande cha ngozi, mtoto aliyeshika taa. Msafiri anarudi na jina lake, na wale wanabaki barabarani bila jina. Nami hapa nimefanya vilevile, lakini angalau nimeeleza kazi ilivyo.

Nilikuwa nikidhani fundi bora ni yule mwenye foleni ya wateja. Siku moja nikamuuliza mteja anayemfurahisha kuliko wote ni nani. Barabarani alikuwa anapita mwanamume mmoja na magunia yake, anasukuma, hata hakutugeukia, akapiga kengele tu na kwenda zake. Papa fundi akamwelekeza kwa spana.

"Ule. Nilimufungiaka gurudumu mwaka yenye ilipita. Kinga muzuri hairudiaka."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitazama ile benchi kwa jicho lingine. Daktari huonana na aliowaponya, wanamletea kuku. Mwalimu hukutana na wanafunzi wake wakiwa watu wazima. Fundi wa kinga huonana na vilivyoharibika tu. Alichokifanya vizuri kinapotelea barabarani, Kasenga huko au Kipushi, na habari zake hazimrudii. Kila kinga iliyolala miguu juu mbele yake ni lawama ya mtu fulani, mara nyingine lawama yake mwenyewe, na kutwa nzima anakaa katikati ya lawama hizo akidonoa spoku. Kengele ya mtu anayepita bila kusimama ndiyo shahada pekee anayopewa.

Gurudumu langu la nyuma alilifunga mwezi wa nane, mwaka juzi. Limekwenda Kipushi sijui mara ngapi, na Likasi ile mara moja, na hakuna spoku hata moja iliyokatika. Sijarudi kwake na gurudumu hilo. Jumapili iliyopita nilipita Naviundu nikapiga kengele, naye hakuinua kichwa.