Uwanja wa Kungojea

Kungoja hakupendwi na watu. Mgeni hachoki kwa mwendo wa njiani kama achokavyo kwa kusimama mlangoni. Walakini kuna ustadi wa kumkalisha mgeni barazani hata asihisi kuwa mlango umefungwa, na ustadi huo ni sehemu ya ukarimu wa mwenye nyumba. Nataka, msomaji, tuutazame ustadi wa namna hiyo katika sanaa changa ambayo pengine waijua kuliko mwalimu wako, yaani sanaa ya michezo ya video. Mchezo wenyewe ni Assassin's Creed, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2007. Sehemu tutakayoipima ni ile ambayo wengi huipita bila ya kuiangalia: uwanja mtupu ambamo mchezaji huwekwa wakati mashine inapoitayarisha hadithi.

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini mchezaji hungojeshwa. Mji wa mchezo, pamoja na kuta zake, watu wake na sauti zake, huwa umehifadhiwa katika diski. Mashine haiwezi kuuonyesha mpaka iutoe humo na kuutia katika kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, na kazi hiyo yataka muda. Mafundi waliotangulia walikuwa na njia zao za kuupitisha muda huo. Katika Ridge Racer, mchezo wa mbio za magari ambao Namco iliutoa kwa PlayStation mwaka 1994, mchezaji alipewa mchezo mwingine mdogo wa kumshughulisha. Katika Resident Evil, wa mwaka 1996, alionyeshwa mlango ukifunguka polepole gizani. Wa kwanza ulimsahaulisha kungoja. Wa pili uligeuza kungoja kuwa hofu. Njia zote mbili ni njema. Lakini Ridge Racer ulimtoa mchezaji nje ya habari yake, na Resident Evil ulimsimamisha kizingitini tu, macho yakitazama na mikono haina kazi.

Assassin's Creed ulikwenda mbali zaidi, na ili uone ulivyofanya, yakupasa kuijua hadithi yake. Kijana mmoja, Desmond Miles, mhudumu wa baa, ametekwa mwaka 2012 na kampuni ya kubuniwa iitwayo Abstergo. Analazwa juu ya mashine iitwayo Animus, ambayo husemwa kuwa yaweza kusoma kumbukumbu za babu wa kale zilizomo katika chembe za urithi za mjukuu. Kwa njia hiyo Desmond anaishi tena maisha ya babu yake Altaïr, mwuaji wa siri wa mwaka 1191, wakati wa Vita vya Tatu vya Msalaba, katika miji ya Damascus, Acre na Jerusalem.

Basi mashine mbili zafanya kazi moja. Ile iliyo mbele yako inatafuta mji katika diski. Ile iliyo ndani ya hadithi inatafuta mji katika damu ya Desmond. Wakati zinapotafuta, Altaïr huonekana amesimama katika uwanja wa ukungu mweupe, usio na nyumba wala mti, usio na mwanzo wala mwisho. Hafungwi miguu humo. Waweza kumtembeza, waweza kumkimbiza, mpaka mji utakapotokea. Udhaifu wa chombo umefanywa kuwa tukio la hadithi, na mchezaji hakuambiwa atoke nje ili arudi baadaye.

Wako watakaosema kuwa hiyo ni hila ya fundi, wala haistahili kuitwa sanaa. Mimi naona kuwa ina maana kubwa kuliko hila. Fikiri juu ya msimulizi wa hadithi zetu. Anaposema “Paukwa!” na watoto wakaitika “Pakawa!”, kisa bado hakijaanza, lakini kila aliyekaa pale amekwisha kuondoka mahali alipokuwa. Neno lile huwaambia watoto mambo mawili kwa pamoja: kuwa kisa kinakuja, na kuwa kijacho ni kisa. Uwanja mweupe hufanya kazi hiyo hiyo. Humwambia mchezaji kuwa Jerusalem aionayo siyo Jerusalem yenyewe. Ni habari ya Jerusalem, iliyotafutwa, ikachukuliwa, ikapangwa mbele yake na chombo cha mtu mwingine. Vitabu vingi vya historia havina unyofu huo. Huanza kusema kana kwamba wakati uliopita unasema wenyewe.

Unyofu huo umeenea katika mchezo wote. Altaïr akianguka, mchezaji haambiwi kuwa Altaïr amekufa, maana yule hakufa siku ile; huambiwa kuwa amepotea njia ya kumbukumbu, naye hurudishwa nyuma. Akimwua raia asiye na hatia, huonywa kuwa babu yake hakufanya hivyo. Kwa hiyo uhai wa mchezaji hupimwa kwa uaminifu wake kwa mambo yaliyotendeka.

Uwanja mtupu una kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Altaïr ametumwa kuwaua watu tisa. Kila amchomapo mmoja wao, mji hutoweka, na watu wawili hawa, mwuaji na mwuawa, hubaki peke yao katika utupu wakizungumza. Humo mwuawa hujitetea. Mathalani Garnier de Naplouse, mkuu wa hospitali ya Acre, ambaye mchezaji amemwona akiwatesa wagonjwa wa akili, hufa akisema kuwa alikuwa akiwatoa katika vifungo vya nafsi zao. Altaïr hamsadiki, lakini neno limekwisha kusemwa. Maneno ya wauawa huongezeka mmoja baada ya mwingine, mpaka mwuaji anaanza kumshuku bwana aliyemtuma, na mwisho wa hadithi waonyesha kuwa alikuwa na sababu. Mahali pasipo na kitu ndipo kweli ilipopata nafasi ya kutamkwa.

Sifa hizi zisitufumbe macho tusione kasoro. Utupu huo husafisha mauaji kupita kiasi. Mtu amechomwa kisu, lakini husema kwa utulivu kama mwalimu aliyemaliza somo. Hapana kilio, hapana mtoto wala mke wa marehemu. Ni kweli kwamba mara baada ya mazungumzo kengele za mji hulia na askari huanza kumsaka mwuaji; lakini hiyo ni hatari yake yeye, wala si huzuni ya wengine. Mchezo uliojali kumsikiliza mwuawa ungaliweza kumsikiliza na mfiwa. Kadhalika elimu ya mashine hii ni ya ngano tupu. Chembe za urithi huweza kukupa rangi ya macho ya babu yako. Haziwezi kukupa aliyoyaona kwa macho hayo. Ngano si kosa, ila mchezaji asiichukue kuwa sayansi.

Ubora wa fikira hii ulizidi kuonekana katika michezo iliyofuata. Katika Assassin's Creed: Revelations, wa mwaka 2011, Desmond yu katika hali ya kuzimia, na akili yake imekwama ndani ya Animus, katika kisiwa kitupu. Mahali pa kupita pamekuwa mahali pa kukaa. Katika Assassin's Creed III: Liberation, wa mwaka 2012, jambo lenyewe lawekwa wazi kabisa. Hadithi ni ya Aveline de Grandpré wa New Orleans, katika karne ya 18, binti wa mfanyabiashara Mfaransa na mama Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Lakini yasemwa kuwa kumbukumbu zake zimetolewa kwa watu na Abstergo ile ile, baada ya kukatwa na kurekebishwa. Na kikundi cha siri huingilia kati na kuonyesha yaliyofichwa. Hapo mchezaji hugundua kuwa aliyoyaishi kama kweli yalikuwa yamepita mkononi mwa mtu mwenye haja yake. Abstergo haikumlaza Desmond kwa kupenda historia. Ilitaka siri moja tu iliyomo katika kumbukumbu ya babu yake, na mengine yote haikuyajali.

Tangu mwaka 2020 zilipotoka PlayStation 5 na mashine nyingine zilizo na hifadhi ya kasi, muda wa kungoja umepungua sana. Kitu kilichozaliwa na upungufu wa mashine huenda kikafa kwa ukamilifu wake. Mchezaji atashangilia, naye ana haki. Lakini pakiondoka baraza, na mgeni akatiwa chumbani moja kwa moja, ni rahisi kwake kusahau kuwa yumo katika nyumba ya mtu.

Kwa hiyo, msomaji, mara nyingine utakapojikuta katika ukungu ule mweupe, usiulaani. Mkimbize Altaïr upendavyo, lakini jiulize pia ni nani aliyeutafuta mji unaokuja, amechagua nini na kuacha nini. Ukizoea kuuliza hivyo mchezoni, hutaona vigumu kuuliza vivyo hivyo ufunguapo gazeti, utazamapo filamu, au usikiapo mtu mwenye sauti kubwa akikueleza wazee wako walikuwa watu wa namna gani.