Simu Iliyojaa Marabo: Tufute Nini Kwanza?

Marabo iko katika eneo la Irumu, mkoani Ituri nchini Congo, kusini-magharibi mwa Bunia, kwenye barabara inayokwenda Komanda. Mfanyabiashara wa hapo anayetaka kusafirisha mzigo huuliza kwanza kama njia inapitika leo, na mara nyingi jibu humfikia kwa sauti ya WhatsApp. Simu ikiwa imejaa, sauti hiyo haishuki. Duara la kupakulia huzunguka, kisha unatokea ujumbe kwamba nafasi haitoshi. Katika mkoa uliowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, habari ya njia isiyofika kwa wakati ni hatari kwa mtu na mali yake. Ndiyo maana namna ya kusafisha simu ya Android inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, kwa kuangalia mazingira ya mtu wa Marabo.

Ushauri unaosambaa kila mahali ni mfupi: futa programu usizotumia, peleka picha mtandaoni, ukizihitaji pakua tena. Ushauri huo umetungwa kwa ajili ya watu ambao intaneti kwao haina bei ya kuhesabu. Huku mega za intaneti hununuliwa kidogo kidogo, na mtandao una saa zake. Kila kinachofutwa leo ili kipakuliwe kesho kina gharama. Kwa hiyo fundi anayesafisha simu Marabo asianze na swali la faili ipi ni kubwa zaidi. Aulize kwanza: nikiifuta hii, kuirudisha kutagharimu nini? Kazi ianze kwa vitu vinavyorudi bure, iendelee kwa vinavyorudi kwa mega, na iviache mahali pake vile visivyorudi kabisa.

Kwa nini simu hukwama kabla ya kujaa

Tuchukue simu ya kawaida ya soko la Ituri: Tecno au Itel yenye hifadhi ya GB 16. Sehemu kubwa ya hizo 16 huwa imeshachukuliwa na mfumo wenyewe pamoja na programu zilizokuja na simu, kabla mwenye simu hajapiga hata picha moja. Google ililiona tatizo hilo, na mwaka 2017 ikatangaza Android Go, toleo lililopunguzwa uzito kwa ajili ya simu za bei nafuu. Toleo hilo lilisaidia, lakini halikuweza kuzuia vitu ambavyo mtumiaji anapokea kila siku.

Kwa kawaida Android hutoa onyo nafasi ya wazi inaposhuka chini ya asilimia 5 ya hifadhi, au chini ya MB 500, kutegemea kipi ni kidogo. Onyo halisubiri sifuri kwa sababu mfumo unahitaji mahali pa kufanyia kazi. Kila ujumbe wa WhatsApp unaoingia huandikwa katika kanzidata, na kanzidata huhitaji nafasi ya muda kabla ya kukamilisha uandishi.

Kuna sababu nyingine, ya chuma chenyewe. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani moja kwa moja: ni lazima ifute kwanza fungu zima la seli, ndipo iandike upya. Mafungu matupu yakiwa machache, chipu hulazimika kuhamisha data huku na kule ili kupata mahali, na simu inakuwa nzito. Tangu Android 4.3 ya mwaka 2013, mfumo huiarifu chipu ni sehemu zipi zimeachwa wazi, nao huifanya kazi hiyo simu ikiwa imetulia kwenye chaji. Jambo hili linawahusu sana wanaopeleka simu zao kwenye vibanda vya kuchaji na kuziacha zikiwa zimezimwa. Simu iliyozimwa hupata umeme, lakini haifanyi usafi wake wa ndani. Baada ya kufuta vitu vingi, iache imewashwa wakati wa kuchaji, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya kwanza: vinavyorudi bure au karibu bure

Simu nyingi za huku huwekwa Kifaransa, basi ingia Paramètres, kisha Stockage. Hapo utaona hifadhi imegawanywa: programu, picha, video, sauti, hati. Anza na pipa la takataka. Watu hufuta video kumi, wanarudi kuangalia, nafasi ni ileile, wanadhani simu imeharibika. Katika programu ya Files ya Google, kilichofutwa hukaa pipani siku 30. Katika Google Photos, picha ambayo haikuhifadhiwa mtandaoni hukaa siku 30, na iliyohifadhiwa hukaa 60. Ni sawa na kutoa gunia sebuleni na kulipeleka chumba cha nyuma: nyumba haijapata nafasi. Fungua pipa, kagua kilichomo, ndipo ulimwage.

Baada ya hapo, nenda kwenye kache. Hizi ni nakala za muda ambazo Facebook, TikTok, YouTube au kivinjari huziweka ili zisipakue kitu kilekile mara mbili. Kuzifuta hakuondoi akaunti wala ujumbe, ingawa programu itatumia mega kiasi kuzijenga upya. Hapa pana hatari moja inayostahili kusisitizwa. Kwenye ukurasa wa programu utaona vitufe viwili vilivyo jirani: Vider le cache na Effacer les données. Cha kwanza hufuta nakala za muda. Cha pili huirudisha programu katika hali ya siku ilipowekwa. Ukikibonyeza kwa WhatsApp, ujumbe wote ulioingia tangu hifadhi rudufu ya mwisho utapotea. Kama hakuna hifadhi rudufu inayoweza kurejeshwa, umepoteza kila kitu.

Telegram ina utaratibu wake. Picha na video za mazungumzo yake ya kawaida hubaki katika seva za Telegram, hivyo kache yake yote inaweza kufutwa bila kupoteza mazungumzo. Gharama itakuja tu utakapotaka kuitazama tena video ileile.

Hatua ya pili: WhatsApp, mlaji mkuu

Kwenye simu nyingi za Ituri mzigo mkubwa uko WhatsApp: kundi la kwaya, kundi la ukoo, kundi la michango ya msiba, kundi la wafanyabiashara, na kila kundi linatuma video ileile. Hali hii si ya huku peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal liliandika kwamba watafiti wa Google waligundua picha za salamu za asubuhi zilikuwa miongoni mwa vitu vinavyojaza simu nchini India, na Google ikaiongezea programu yake ya kusafisha uwezo wa kuzitambua picha hizo. Picha za kutakiana baraka zinazozunguka katika makundi ya Bunia ni ndugu wa zile za Delhi.

Ndani ya WhatsApp, ingia kwenye mipangilio, kisha Stockage et données, kisha Gérer le stockage. Tangu Novemba 2020 ukurasa huo umekuwa ukipanga vitu kwa makundi mawili yenye faida kubwa: faili zinazozidi MB 5, na vilivyosambazwa mara nyingi. Anza na hivyo vya kusambazwa, kwa kuwa video iliyopita mikono mingi huwa ipo pia kwa jirani yako. Kisha pitia faili kubwa moja baada ya nyingine. Sauti ziache: dakika moja ya sauti ya WhatsApp haifiki hata nusu ya MB, na mara nyingi sauti hiyo ni ya mzazi au ndugu aliye mbali. Kufuta sauti mia moja kunaleta nafasi ndogo kuliko kufuta video chache za vichekesho.

Zipo sehemu mbili ambazo ukurasa huo hauzioneshi vizuri. Fungua kidhibiti cha faili, ufuate njia hii: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp. Ndani ya Media, aina nyingi za faili zina folda ya Sent, yenye nakala za ulivyotuma wewe. Mara nyingi picha halisi bado ipo katika folda ya kamera, na hii ni nakala iliyopunguzwa. Inaweza kufutwa, ila kagua kwanza, kwa sababu picha uliyoipiga ukiwa ndani ya WhatsApp huenda haina nakala nyingine popote.

Sehemu ya pili ni folda ya Databases. Kila usiku WhatsApp hutengeneza hifadhi rudufu ya ujumbe ndani ya simu yenyewe, na huweka za siku kadhaa, hadi saba. Kwa mtu mwenye makundi mengi, kila nakala inaweza kuwa kubwa. Bakiza ile isiyo na tarehe katika jina lake, maana ndiyo mpya kuliko zote. Zile zenye tarehe za nyuma zinaweza kuondoka.

Mwisho funga bomba lenyewe: zima upakuaji wa picha na video kwa data ya simu. Kuanzia hapo kila video itasubiri uiguse ndipo ishuke. Hatua hii moja huokoa hifadhi na mega kwa pamoja, na bila hiyo usafi wote wa juu hautadumu.

Hatua ya tatu: vinavyorudi kwa mega

Programu zije nyuma ya yote hayo. Programu iliyokuja na simu mara nyingi haiondoki, lakini masasisho yake yanaweza kuondolewa, kisha ikazimwa. Tangu 2023, Google Play inaweza kuweka programu katika kumbukumbu: sehemu kubwa yake huondolewa, data yako hubaki. Android 15 ya mwaka 2024 imeliingiza jambo hilo ndani ya mfumo wenyewe. Ni njia nzuri, ila kuirudisha programu kunahitaji kuipakua, basi isitumiwe kwa programu utakayoihitaji siku mtandao ni dhaifu. Facebook Lite, iliyotoka mwaka 2015 kwa ajili ya mitandao ya aina hiyo, inafaa kuchukua nafasi ya Facebook kamili.

Epuka programu zinazojitangaza kuwa zitasafisha simu kwa mguso mmoja. Zenyewe hula nafasi, na nyingi huishi kwa matangazo. Februari 2020 Google iliondoa dukani kwake karibu programu 600 kwa sababu ya matangazo ya usumbufu, zikiwemo za kampuni ya Cheetah Mobile, iliyopata umaarufu kwa Clean Master.

Kadi memori: kunakili, kukagua, ndipo kufuta

Kadi memori ndiyo suluhisho la bei nafuu kwa picha na video, na haidai mega. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu huuliza kama kadi itumike kama hifadhi ya ndani au hifadhi ya kuhamishika. Chagua kuhamishika. Kadi iliyofanywa ya ndani hufungwa kwa ufunguo wa simu hiyo moja, kwa hiyo simu ikifa, kadi haitasomeka kwingine. Huku kadi hutoka kwenye simu ikaingia kwenye redio ya spika na kwenye simu ya mdogo wako, na kufungwa huko kungekuwa hasara.

Usitumie amri ya kuhamisha. Tumia ya kunakili. Kadi bandia hutangaza ukubwa ambao hazina, na zikifika mwisho wa uwezo wao halisi huharibu faili kimya kimya. Nakili, toa kadi, irudishe, fungua picha kadhaa za mwanzo na za mwisho, cheza video hadi katikati. Zikifunguka zote, ndipo ufute zile za ndani. Kama rafiki ana simu yenye nafasi, Quick Share hupeleka faili kutoka simu hadi simu bila mega hata moja.

Visivyorudi

Vimebaki vile ambavyo hakuna duka linaloviuza. Nchini Congo kadi ya mpiga kura imetumika kwa miaka mingi kama kitambulisho, na watu huipiga picha ili wawe na nakala. Vivyo hivyo kwa diploma ya Serikali, hati ya shamba, kadi ya chanjo ya mtoto. Irumu inajua nini hutokea kwa karatasi watu wanapokimbia. Nyankunde, jirani ya Marabo, ilishambuliwa Septemba 2002 na hospitali yake ikaharibiwa. Leo familia ikikimbia ikabakiwa na simu tu, simu hiyo ndiyo sanduku lake la nyaraka.

Kwa hizi, na kwa hizi tu, gharama ya mtandao inalipa. Picha kumi za hati zenye MB 3 kila moja ni MB 30, na zinaingia kwa urahisi katika GB 15 ambazo Google hutoa bure kwa Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. Zitume kwa barua pepe yako mwenyewe, uweke nakala ya pili kwenye kadi. Video za harusi zibaki kwenye kadi, maana zingemaliza mega na zile GB 15 kwa pamoja.

Mafundi wetu wanajua njia ya mkato ya kurudisha simu katika hali ya kiwandani. Huchukua dakika chache na hutoa nafasi nyingi kuliko hatua zote nilizozitaja. Ninawaomba waifanye kuwa ya mwisho, na kabla ya kugusa chochote wamuulize mwenye simu: “Mama, ni picha gani humu huwezi kuipata tena popote?” Jibu lake ndilo linaloamua mpangilio wa kazi yote. Simu iliyorudishiwa GB 2 huku hati, sauti za wazazi na ujumbe wa biashara vikiwa mahali pake imesafishwa vizuri kuliko simu tupu yenye GB 10.