Vidole Kwenye Shina la Mkia

Mama mkubwa haanzii kwenye kiwele. Anaingia bandani na pumba, anawaacha mbuzi wasongamane kwenye hori, kisha anapitisha mkono juu ya mgongo wa Kidoti, taratibu, kutoka mabegani hadi kiunoni, mpaka dole gumba na kidole cha shahada vinatua pande mbili za shina la mkia. Hapo anatulia, macho kayafumba. "Bado," anasema, na kuhamia kwa mwingine.

Anachokitafuta ni kano mbili zinazotoka kwenye uti wa mgongo na kushuka kila upande wa mkia hadi kwenye mifupa ya makalio. Siku za kawaida ni ngumu kama penseli iliyofunikwa na ngozi. Mimba ikikaribia miezi mitano, yaani siku 150 hivi, zinaanza kulegea kidogo kidogo. Halafu inafika siku unabonyeza na vidole vinazama, hukuti kitu. Nyonga imeachia, unaweza kuushika mkia pale shinani vidole vikakaribia kukutana kwa chini. Mara nyingi huyo hamalizi siku.

Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway waliletwa huku Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, mwishoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine wakawa karibu na wafugaji. Mbuzi hao wanakaa kwenye mabanda ya mbao yaliyoinuliwa kutoka ardhini, wanakatiwa majani, wanakamuliwa. Mbuzi wa kienyeji anayeshinda malishoni hujizalia kichakani, jioni akarudi na mtoto nyuma yake. Wa bandani hana kichaka. Ana mkono wa anayemfuga, na mkono huo ndio ninaousifu.

Wengi hutazama kiwele, na kiwele kinadanganya. Mtamba wa mimba ya kwanza anaweza kujaza wiki kadhaa kabla, ukakesha bure. Mzazi mzoefu naye anaweza kukaa na kiwele cha wastani hadi saa za mwisho. Kikijaa kikakaza mpaka ngozi inang'aa na chuchu zimetazama pembeni, hapo kina la kusema. Ubavu ukibonyea na tumbo kushuka, nalo ni neno. Ila Mama mkubwa husema kano ya leo inasomwa kwa kano ya jana. Asiyemgusa mbuzi wake jana hana cha kulinganisha, hata awe na vidole vya namna gani.

Hilo nililijua kwa hasara. Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga niliamini hesabu. Niliandika kwa mkaa ukutani siku beberu alipompanda mbuzi wangu, nikaona zimebaki siku nne, nikateremka sokoni na karoti. Niliporudi jioni nilikuta watoto wawili. Mmoja alikuwa akitetemeka, anatafuta chuchu. Mwingine amelala ndani ya utando wake, pua imezibwa, kakamilika hadi kwato. Mama yao alikuwa bado anamlamba wa kwanza. Pengine kumfuta pua tu kungetosha. Asubuhi ile sikuwa nimemshika mgongo.

Kuna wafugaji wasioruhusiwa hata huo mgongo. New Zealand, ambako sheria ilifungua mlango wa kufuga kulungu mwaka 1969, kuna mashamba ya kulungu wekundu, wale ambao madume yao wana pembe zenye matawi. Jike hubeba mimba siku 233 hivi na kuzaa Novemba au Desemba, kiangazi cha kule kinapoingia. Mfugaji hukaa mbali na darubini, akimtafuta aliyejitenga na wenzake, anayekwenda na kurudi kando ya uzio, hatulii. Akimsogelea, kamtibulia. Mtoto hufichwa kwenye majani marefu, na mama huenda kula mbali ili asimfichue. Nilipomsimulia Mama mkubwa aliuliza moja tu: "Sasa wanajuaje jana alikuwaje?" Nikamwambia wanawatazama kila siku. Akaitikia kwa kichwa.

Juzi jioni vidole vilizama. Tukatandika nyasi kavu, tukatundika taa ya sola, Mama mkubwa akakaa kwenye kigoda. Kidoti alijitenga kona, akaparua sakafu, akalala, akainuka. Akageukia ubavu wake na kutoa sauti fupi ya chini, mdomo umefungwa, sauti ambayo hajawahi kuombea pumba. Ute ukaanza kuning'inia, mrefu, mzito kama wa yai. Alipoanza kusukuma kwa nguvu Mama mkubwa aliangalia saa: nusu saa ikipita bila kitu, anaitwa mtaalamu wa mifugo. Hatukufika huko. Chupa ilijitokeza, na ndani yake kwato mbili nyeupe, pua imelazwa juu yake.

Nikanyoosha mkono nivute. Akanishika kifundo.

"Mwache, mwanangu. Anakwenda vizuri."

Mtoto akateleza hadi kwenye nyasi. Mama mkubwa akamfuta pua kwa kipande cha kanga, akamsogeza mdomoni kwa mama yake. Kisha akapitisha viganja viwili chini ya tumbo la Kidoti, akaliinua kidogo, akaliachia, akaliinua tena.

"Yupo mwingine," akasema, akarudi kwenye kigoda chake.