Neno la Haraka na Mafundi Wake

Mtu anayeishika kazi mara moja na kuimaliza bila kuacha kiporo, Waingereza humsifu kwa neno "dispatch". Francis Bacon aliiandikia sifa hiyo insha mapema katika karne ya 17. Mimi nawahusudu zaidi watu waliolitafutia neno hilo nasaba yake, kwa sababu sijaona kazi ya mikono na macho iliyofanywa kwa subira kama ile.

Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kilianza kukusanya ushahidi wa maneno ya Kiingereza, kazi iliyozaa kamusi kubwa. Wasomaji wa kujitolea waliombwa wapitie vitabu vya kale na vipya, na kila walipokuta neno la kufaa walinakili kwenye kikaratasi: neno lenyewe juu pembeni, kisha mwaka, mwandishi, kitabu, ukurasa, na sentensi kama ilivyo, bila kurekebisha hata herufi. Vikaratasi vilifika kwa mamilioni. James Murray, aliyekabidhiwa uhariri mwaka 1879, alijenga kibanda cha mabati huko Mill Hill, akakijaza vishubaka zaidi ya elfu moja. Watoto wake walivichambua vikaratasi hivyo kwa alfabeti wakilipwa vijisenti.

Uhodari wenyewe ulikuja baada ya kuchambua. Mhariri hakuanza na maana aliyoijua kichwani. Alivitandaza vikaratasi vya neno moja kwa kufuata miaka, akavisoma na kuvisoma tena mpaka maana zijitenge zenyewe: hapa ni kumtuma mjumbe, hapa ni kumaliza shauri, hapa ni kuua, hapa ni wepesi wa utendaji. Kwa "dispatch" ushahidi wa mwanzo ulikuwa barua ya mwaka 1517 ya Cuthbert Tunstall, aliyekuja kuwa askofu baadaye, na ambaye alikuwa akitumwa ng'ambo kwa shughuli za mfalme.

Hapo ndipo nasaba ilipohitaji jicho kali. Kifaransa kina "dépêcher", neno linalofanana nalo kwa sura na kwa maana, na mtu mwenye pupa angeandika kwamba mzazi amepatikana. Kamusi ilikataa. Sauti hazikubaliani, tena neno hilo la Kifaransa lilikuwa limekwisha kuzaa Kiingereza chake, "depeach", ambalo sasa limekufa. Macho yakageuzwa kwa "dispacciare" la Kiitaliano na "despachar" la Kihispania. Tunstall alikuwa amesoma Padua, Italia, na alijihusisha na mambo ya Hispania, kwa hiyo milango yote miwili ilikuwa wazi, na wahariri wakaiacha wazi. Nauheshimu sana uamuzi huo. Kumtaja mzazi mmoja kungependeza ukurasani, lakini ushahidi haukuwaruhusu.

Hata herufi moja ilifuatiliwa. Tangu neno lilipoingia Kiingereza liliandikwa kwa "dis-". Mwaka 1755 kamusi ya Samuel Johnson ikaliorodhesha kwa "des-", ingawa Johnson mwenyewe katika maandishi yake alitumia "dis-". Watu wakaifuata kamusi, na tahajia hiyo ya pili bado inaonekana Uingereza. Ili kulibaini hilo ilibidi mtu alinganishe kamusi ya Johnson na uandishi wa Johnson, jambo ambalo wasomaji wengi wasingeona sababu ya kulifanya.

Na yote hayo yalifanyika wakati wakuu wa matbaa ya Oxford, waliokuwa wachapishaji wa kamusi hiyo, wakimhimiza Murray aongeze kasi. Kamusi nzima ilitarajiwa kuchukua miaka 10. Baada ya miaka mitano, mwaka 1884, kitabu cha kwanza kilichotoka kiliishia neno "ant". Juzuu ya D na E ilikamilika mwaka 1897. Murray alifariki mwaka 1915 akiwa katika herufi T, na wenzake wakaifikisha kazi mwisho mwaka 1928.