Lokole ikiingia studio, nani anageuza vifungo?

Sisi wa Kisangani tunajua kama lokole haipigwe bule. Wazee wetu Walokele, pembeni ya mto, walituma nayo habari za kifo, za ndoa na za mgeni anayefika na mtumbwi. Siku hizi lokole inaingia studio, inatoka mu CD na mu telefone, na watoto wetu wanaicheza. Kazi hiyo tunaishukuru. Lakini tumesikiliza nyingi, na tunapenda kusema wazi: mara nyingi lokole inalia tu, haisemi tena. Na kosa haliko kwa mpigaji. Liko kwa mkono unaogeuza vifungo vya egalizeri.

Egalizeri ni nini? Kila sauti iko na sehemu ya chini, yaani besi, iko na katikati na iko na juu. Tunazipima kwa hertzi, ni kusema mitikisiko mu segonde moja. Sikio la kijana linasikia karibu kuanzia 20 mpaka 20.000. Egalizeri ya zamani, isiyo ya kompyuta, inapitisha sauti kama umeme mu waya zilizozungushwa na mu kondensa, na kila kifungo kinaongeza ao kinapunguza sehemu moja. Ile ya Marekani inayoitwa Pultec, iliyotoka mwaka wa 1951, mafundi wanaitafuta hadi leo kwa kuchanganya sauti na kwa kumalizia sahani. Hapa kwetu wengi wanatumia vifungo vitatu vya meza ya kuchanganyia, na hivyo vinatosha kwa kujenga ao kwa kuharibu.

Sasa tuangalie lokole yenyewe. Ni kipande cha mti kilichotobolewa kupitia mwanya mwembamba. Midomo miwili ya ule mwanya haina unene sawa, kwa hiyo mmoja unatoa sauti ya juu na mwingine sauti ya chini. Lugha ya Kilokele nayo iko na sauti za juu na za chini mu kila neno, na lokole inafuata zile. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Congo mwaka wa 1938 na kufanya kazi Yakusu, jirani yetu, alieleza hayo mu kitabu chake cha 1949 juu ya ngoma zinazosema. Alionyesha kama «songe», mwezi, na «koko», kuku, yote mawili yanapigwa juu-juu. Msikilizaji atatofautisha namna gani? Mpigaji anaongeza maneno: mwezi unaotazama chini duniani, kuku mdogo anayelia kiokio. Katika ule msemo mrefu, sauti za juu na za chini zinapangwa mbalimbali, na maana inatokea. Kwa hiyo mu lokole sauti si pambo. Sauti njo neno.

Hapo utaelewa hatari. Mafundi wengi wa mji wetu wanapenda kupandisha besi, kupandisha juu, na kushusha katikati. Mu muziki wa kucheza, mwili unafurahi. Kwa lokole ni msiba. Besi ikizidi, sauti ya mdomo wa chini inavimba, inakawia na kufunika ile ya juu. Katikati ikishushwa, pigo la fimbo linakosa ncha. Maneno yanabaki sawa mtu anayeongea na chakula mu kinywa.

Sisi wenyewe tulionja. Siku moja tulipeleka wanafunzi na mzee mmoja mpigaji mu studio moja ya hapa mjini. Kazi ilipomalizika, fundi alitusikilizisha kwa nguvu, madirisha yakatikisika, wanafunzi wakapiga mikono. Mzee alinyamaza. Tukamuuliza: «Baba, iko namna gani?» Akajibu: «Huyu ni nani anayepiga? Simusikie anasema nini.» Ilikuwa yeye mwenyewe.

Watu watasema tunakataa mashini. Hapana. Tangu zamani Mkongo amejua kuongoza umeme. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa Konono N°1 ya Kinshasa, alichukua likembe, akaitengenezea mikro kwa sumaku za vipande vya gari, akaipitisha mu vipaza sauti. Sahani yao Congotronics, iliyotolewa Ubelgiji mwaka wa 2004, ilisifiwa mbali. Tunaisifu pia, na sababu yetu ni hii: mtayarishaji, Vincent Kenis, hakusafisha ule mkwaruzo na mvumo wa likembe. Fundi mwingine angeukata akifikiri ni uchafu. Lakini likembe ya wazee nayo iko na vijiduara vya chuma vinavyovuma juu ya vyembe vyake. Ule mvumo ni mali ya chombo. Aliyeuacha alikuwa amesikiliza kwanza.

Na egalizeri inaweza kusaidia lokole pia. Mtu akinasa sauti jirani ya jenereta, umeme unaingiza mlio wa 50 hertzi, tena wa 100. Fundi mwenye masikio atashusha mahali pale padogo tu, pole-pole, na lokole itatoka wazi. Hiyo njo kazi ya kweli ya egalizeri: kuondoa kinachozuia neno.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja kwa ndugu zetu wa studio na wa vikundi vya utamaduni. Kabla ya kufunga kazi, mwiteni mtu anayesikia ile lugha, akae mbele ya bafle, mumuulize: ngoma imesema nini? Akijibu, acheni vifungo pale vilipo. Akishindwa, rudisheni vyote katikati, muanze upya. Wazee wanaoelewa lokole wanapunguka kila mwaka. Tukinasa kelele yao tu, watoto wetu watarithi mti wenye tundu, na hakuna atakayebaki wa kuwaambia kama zamani ulikuwa unasema.