Mwisho Una Mwenyewe: Taharuki, Udakizi na Adabu ya Kufichua Hadithi Masasi na Newala

Taharuki hufafanuliwa katika vitabu vingi vya nadharia ya fasihi ya Kiswahili kuwa ni hali ya msomaji au mtazamaji kushikwa na hamu ya kutaka kujua kitakachotokea. Fafanuzi hii imekaririwa darasani kwa muda mrefu kiasi kwamba tokeo lake moja halihojiwi tena: ikiwa taharuki ni hamu ya kujua, basi anayejua hana taharuki, na anayemwambia mwenzake mwisho wa hadithi amemwibia kitu kisichorudishika. Juu ya tokeo hilo zimejengwa kanuni ambazo wapenzi wa filamu, tamthilia na riwaya hujiwekea siku hizi. Mwisho usitajwe mpaka zipite siku kadhaa tangu kazi itoke. Anayetaka kuutaja atangulize onyo. Muda ukishapita, kila mtu yu huru kusema. Makala haya yanadai kwamba kanuni hizo zinalinda kitu kisicho chenyewe, na kwamba kasoro yake huonekana wazi zaidi pale zinapopelekwa mahali kama Masasi na Newala.

Tuanze na suala la muda, kwa kuwa ndilo jepesi. Masasi ipo chini, kati ya vilima vyake vya mawe. Newala ipo juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ikitazama bonde la Ruvuma. Kazi za sanaa hazifiki huko siku moja na kwingineko. Katika enzi ya santuri za DVD, filamu nyingi za Kitanzania ziliuzwa zikiwa zimekatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na aliyeipata ya kwanza hakuwa na hakika ya kuipata ya pili. Riwaya nayo husomwa kwa nakala inayopita mkono kwa mkono, na msomaji wa kumi wa nakala hiyo hana habari na tarehe ya kuchapishwa. Kanuni inayohesabu siku tangu kazi itoke, kwa hiyo, inahesabu kwa saa ya Dar es Salaam, au ya London. Inamfanya mtu wa Newala kuwa mchelewaji wa kudumu, kisha inamwambia kwamba uchelewaji ni kosa lake.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi, nayo inahusu lugha. Mabanda ya video yalileta Tanzania aina ya msimulizi ambaye Matthias Krings amemchunguza kwa kina katika makala yake kuhusu sanaa ya kugeuza wali kuwa pilau na katika kitabu chake cha 2015. Mashuhuri kati yao alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi huyu hatafsiri tu maneno ya wahusika. Hueleza, huhukumu, hutania, na mara nyingi hutangulia mbele ya picha. Kauli ya namna hii, “huyu mnayemwona anacheka ndiye atakayekuja kumsaliti”, ni ya kawaida katika usimulizi wa aina hiyo. Kisarufi, kiambishi cha wakati ujao -taka- kimewekwa ndani ya kishazi rejeshi, kikimchukua mtazamaji hadi kwenye tukio ambalo picha haijalionyesha. Kwa mizani ya kanuni zilizotajwa hapo juu, msimulizi amevunja sheria. Kwa mizani ya hadhira, amefanya kazi aliyolipiwa. Tangu hapo mtazamaji hamtazami tena msaliti kwa macho yaleyale. Kila tabasamu lina uzito. Hamu haikuondoka, ila imehama kutoka kwenye “nini” na kwenda kwenye “vipi” na “lini”.

Ushahidi ulio imara zaidi umo katika neno dogo ambalo wanasarufi wetu wameliweka haraka mno katika kapu la vihisishi: kumbe. Chukua sentensi “Akafungua mlango, kumbe yule mzee ndiye baba yake.” Kumbe hudokeza kwamba jambo lililogunduliwa linakwenda kinyume na lililodhaniwa. Lakini lilidhaniwa na nani? Anaweza kuwa mhusika aliyefungua mlango, anaweza kuwa msimulizi anayejifanya hakujua, anaweza kuwa msikilizaji. Sasa chukua hadithi ileile ikisimuliwa mara ya ishirini kwa watoto walewale. Msikilizaji hana tena dhana ya kupinduliwa, na msimulizi hakuwa nayo tangu mwanzo. Hata hivyo sentensi haikosi usahihi wala haipungukiwi nguvu. Watoto huisubiri kumbe hiyo, pengine huitamka pamoja na bibi yao. Linganisha na “sikujua kwamba yule mzee ni baba yake”, ambayo ikisemwa na anayejua ni uongo. Kumbe haisemi uongo, kwa sababu haitoi taarifa kuhusu ujuzi wa msemaji. Inafungua nafasi ya kushangaa ndani ya hadithi na kumwalika kila aliyepo aingie, ajuaye na asiyejua. Taharuki, basi, ni kitu kinachotendwa kwa lugha kabla ya kuwa hali ya kichwa cha msikilizaji mmoja.

Wanasaikolojia wamelifikia jambo hili kwa njia yao. Richard Gerrig alionyesha mwaka 1989 kwamba wasomaji wanaweza kuhisi taharuki hata pale wanapoyajua matokeo. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba wasomaji waliofichuliwa mwisho wa hadithi fupi walizipenda hadithi hizo zaidi kuliko wasiofichuliwa. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walipata matokeo yanayokwenda kinyume. Mjadala haujafungwa, na hakuna haja ya kuusubiri ufungwe. Hata kama Leavitt na Christenfeld wangethibitishwa mara mia, kisingemfuata mtu kibali cha kwenda kumwambia jirani mwisho wa riwaya anayoisoma. Majaribio hayo yalipima kupenda. Hayakupima haki.

Hapa ndipo inapobidi kuuliza: ikiwa kujua mwisho hakuui taharuki, kwa nini mtu hukasirika anapoambiwa? Jibu limo katika kitendawili, utanzu ambao una kanuni kamili ya ufichuzi, iliyo kongwe kuliko zote zinazojadiliwa leo. Mtegaji husema “kitendawili”, hadhira hujibu “tega”. Wakishindwa, mtegaji hudai mji. Wakimpa mji unaomridhisha, ndipo hutoa jibu. Kila hatua ina mwenyewe. Waliopo wanaweza kuwa wanalijua jibu wote, kwa kuwa vitendawili vingi ni vya zamani, na mchezo ukaendelea bila hasara. Kinachouvunja ni mtu wa pembeni kulitoa jibu kabla ya zamu. Mtu huyo hakumpa yeyote ujuzi ambao asingeupata. Amemnyang’anya mteguaji nafasi ya kujaribu, na mtegaji mji wake.

Kiswahili kina neno kwa kosa hilo, nalo si kufichua. Ni kudakiza: kuingilia mazungumzo ya watu bila kuwa na zamu ndani yake. Wapo wanaopendelea kusema kuvujisha, lakini kitenzi hicho kimetoka katika mitihani na nyaraka za siri, nacho hudokeza kwamba hadithi ni mali ya ofisi fulani. Wapo wasemao kuharibu uhondo, nao wanadhani dhara limo katika utamu uliopotea. Udakizi unaliweka dhara mahali pake, yaani katika uhusiano wa watu wawili wanaozungumza. Msimulizi wa banda la video aliyetangulia picha hakudakiza. Zamu ni yake na waliolipa kiingilio wamempa. Mtazamaji wa benchi la nyuma anayepaza sauti kwa sababu aliiona filamu jana amedakiza, hata kama maneno yao ni yaleyale.

Uwanda wa Makonde unaijua tofauti hii kwa namna iliyo nzito zaidi ya michezo ya jioni. Wachezaji wa vinyago wanaoitwa midimu upande huu wa Ruvuma, na mapiko upande wa Msumbiji, hutokea katika sherehe zinazofungamana na jando na unyago. Kwa mujibu wa desturi, wanawake na watoto wasiopitia jando hawapaswi kujua kwamba ndani ya kinyago yumo mtu. Watafiti wa mapiko, akiwemo Paolo Israel katika kitabu chake cha 2014, wamelijadili fumbo la siri hiyo ambayo wale wanaofichwa huijua. Ngoma haiharibiki kwa mwanamke kumtambua mchezaji kwa mwendo wake. Ingeharibika akilitaja jina. Hofu na kicheko vya uwanjani hutegemea kila mmoja kukilinda kimya chake. Ni kumbe iliyovaa kinyago.

Ni kweli kwamba siri za jando zina uzito ambao mwisho wa filamu hauna, na kuzilinganisha bila tahadhari ni kuzidharau. Aidha, waandishi wa kigeni walizichapisha zamani: Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906 na kushuhudia sehemu za unyago, na Lyndon Harries, aliyechapisha maelezo ya jando na unyago wa Wamakonde mwaka 1944, kabla hajajulikana zaidi kwa utafiti wake wa ushairi wa Kiswahili. Yaliyomo katika kurasa zao yanaweza kusomwa na yeyote. Wenyeji hawakuacha kwa sababu hiyo kuwafunda vijana wao, jambo linaloonyesha tena kwamba taarifa kuwepo hadharani hakumpi kila mtu ruhusa ya kuitamka mbele ya mwari.

Kanuni inayofaa, basi, itahesabu kuanzia kwa msikilizaji. Swali lake lipo tayari midomoni mwa wanaopokezana riwaya: “Umefika wapi?” Anayeulizwa hutaja mahali alipofikia, na mazungumzo huishia hapohapo, au yeye mwenyewe huuliza zaidi na hivyo kutoa mji. Swali hili halihitaji tarehe. Linamtendea sawa aliyeipata kazi siku ya kwanza na aliyeipata mwaka wa tatu. Upungufu wake ni kwamba linafaa penye wawili au watatu. Mbele ya hadhira isiyoonekana, msemaji hana wa kumuuliza, na huko onyo la kutangulia litabaki kuwa adabu ya chini inayowezekana. Ila anayelitoa onyo asidhani amemaliza deni.

Hadhira isiyoonekana ndiyo hadhira ya mhakiki, na katika hili taaluma yetu ina hatia. Ni desturi ya makala na tasnifu za Kiswahili kufungua kwa muhtasari wa riwaya nzima, kuanzia kuzaliwa kwa mhusika mkuu hadi kifo chake, hata pale ambapo hoja inahusu tamathali katika sura ya pili. Miongozo ya mitihani imeipeleka desturi hiyo sekondari, ambako mwanafunzi huweza kuujua mwisho wa Watoto wa Mama N’tilie kabla ya kuigusa nakala yake, na pengine asiiguse kabisa. Kazi kama Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi haidhuriki kwa muhtasari, maana kinachofupishika humo ni kidogo. Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla ni habari nyingine: humo Bwana Msa huyazuia maelezo yake kwa makusudi, naye ana zamu yake ya kusema. Mhakiki anayetaka kujadili namna maelezo hayo yalivyopangwa atalazimika kumtaja muuaji, na hapo ana haki. Anayetaka kujadili lahaja ya Kiunguja katika majibizano ya wahusika hana sababu ya kumtaja, na katika makala haya hakutajwa.